Mishahara ya kulipwa baadaye kwa nyota wa besiboli: je, ndiyo inayoua ushindani? Tufungue hesabu

HesabuYaKiwanja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu Los Angeles Dodgers wachukue ubingwa wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani mara mbili mfululizo (2024 mbele ya Yankees, 2025 mbele ya Toronto Blue Jays kwenye mchezo wa 7 wa fainali uliofika inningi ya 11, wakati kawaida ni 9), hoja moja haiishi humu: kwamba wanasajili nyota kwa pesa ambazo bado hawajazitoa, na kwamba mshahara wa kulipwa baadaye ni njia ya panya ya kukwepa kodi ya anasa (tozo kwa klabu ambayo mishahara yake inavuka kizingiti cha ligi). Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila sehemu kubwa inatokana na watu kusoma namba ya gazetini bila kuifungua. Naomba tuifungue.

Tuanze na mkataba wenyewe. Shohei Ohtani, nyota kutoka Japani, alisaini na Dodgers Desemba 2023: miaka 10, dola milioni 700. Kati ya hizo, milioni 680 zimeahirishwa. Anapokea milioni 2 kila mwaka kuanzia 2024 hadi 2033, halafu milioni 68 kila mwaka kuanzia 2034 hadi 2043. Bila riba. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito wote. Mshahara ukiahirishwa bila riba, mchezaji ameikopesha klabu bure, na dola ya 2034 haina ubavu wa dola ya 2024.

Thamani ya sasa inapatikana hivi:

1. Kila malipo yaunganishe na msimu uliozaa malipo hayo. Kwa Ohtani ni rahisi: 68 za kazi ya 2024 zinalipwa 2034, za 2025 zinalipwa 2035, na kuendelea. Pengo ni miaka 10 kila mara.
2. Chukua kiwango cha riba kinachoelekezwa na mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kwa mkataba huu ni asilimia 4.43.
3. Zidisha 1.0443 kwa yenyewe mara 10. Unapata 1.5426.
4. Gawanya 68 kwa 1.5426. Unapata 44.08.
5. Ongeza milioni 2 anazolipwa mkononi: 46.08.

Hiyo milioni 46.08 ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya kodi ya anasa ya Dodgers kila mwaka. Kwa miaka 10 ni milioni 460.8. Kwa pesa ya siku aliposaini, huo ndio mkataba wa Ohtani, na milioni 700 ni jina lake la mtaani.

Sasa mweke pembeni ya Juan Soto. New York Mets, Desemba 2024, miaka 15, dola milioni 765, hakuna hata senti iliyoahirishwa. Gawanya: milioni 51 kwa mwaka kwenye hesabu ya kodi. Soto ni ghali kuliko Ohtani kwa kila mwaka wa mkataba, na kwa jumla amempita kwa mbali sana. Yeyote anayesema Ohtani ndiye mwenye mkataba mkubwa kuliko wote katika besiboli hajapita hatua ya 4.

Kosa jingine linalorudiwa: watu wanadhani mwaka 2034 hizo 68 zitaingia kwenye kodi ya anasa na kuwabana Dodgers. Haziingii. Kodi inahesabiwa kwenye miaka ya kucheza pekee. Kuanzia 2034 ni deni la kawaida la fedha taslimu.

---

MkunjoWaNje

Mkuu umeeleza vizuri, ila kuna kitu kinachanganya watu. Ligi inasema 46 na ushee, chama cha wachezaji kikatoa 43.8 kwa mkataba huohuo. Nani yuko sahihi?

---

HesabuYaKiwanja

Wote wawili, ndugu, kwa sababu viwango ni viwili kwa kazi mbili tofauti.

Kwa kodi ya anasa kinatumika kiwango cha serikali ya Marekani cha mikopo ya muda wa kati, kile cha Oktoba inayotangulia msimu wa kwanza wa mkataba. Oktoba 2023 riba zilikuwa juu, ikatoka 4.43. Chama chenyewe kinapima thamani ya mkataba kwa asilimia 5: 1.05 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10 ni 1.6289, 68 gawanya kwa hiyo ni 41.75, ongeza 2 ni 43.75. Ndiyo ile 43.8.

Na hapa pana jambo la kuangalia: kiwango kinafungwa siku mkataba unapoanza. Mchezaji aliyeahirisha pesa wakati riba za serikali zikiwa chini, kama mwaka 2020, punguzo lake kwenye kodi lilikuwa dogo sana hata kama miaka ya kusubiri ni mingi. Mbinu hii imenoga zaidi tangu riba zipande 2022. Ukitaka kujua kwa nini mikataba ya aina hii imezagaa miaka hii ya karibuni, anzia hapo.

---

BengiLaAkiba

Mtoa mada, kwenye kodi ya anasa nakubaliana nawe moja kwa moja. Kwenye fedha taslimu sikubali uipite haraka hivyo.

Mkataba wa hali bora, kifungu cha 16, hauweki ukomo wowote wa kiasi kinachoweza kuahirishwa. Unaweza kuahirisha asilimia 97, kama Ohtani alivyofanya. Kinachodaiwa ni klabu itenge pesa, kwa thamani ya sasa kwa asilimia 5, kabla au ifikapo tarehe 1 Julai ya pili baada ya msimu ambao mshahara huo ulifanyiwa kazi. Soma tena: Julai ya pili. Msimu wa 2024 umeisha Oktoba 2024. Julai ya kwanza ni 2025. Ya pili ni 2026. Kwa hiyo fungu la kwanza la Ohtani, dola milioni 40 na kitu, linatakiwa kutengwa 1 Julai 2026.

Maana yake kwa misimu miwili kamili Dodgers wamemlipa Ohtani milioni 4 taslimu. Angelipwa thamani yake halisi mkononi ingekuwa milioni 92. Hiyo tofauti ya milioni 88 ilibaki mikononi mwa klabu bila kutengwa popote, na Desemba ileile ya 2023 wakamsajili Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325 kwa miaka 12 (yake haikuahirishwa), wakailipa klabu yake ya Japani, Orix Buffaloes, milioni 50.6 za kumwachia, na wakampa Tyler Glasnow miaka 5 kwa milioni 136.5.

Halafu kuna faida ya uwekezaji. Pesa ikishatengwa haikai chini ya godoro. Tuseme mfuko unazaa asilimia 7 kwa mwaka. Milioni 44.08 kwa miaka 10 zinakuwa 86.7. Unamlipa Ohtani 68, zinabaki 18.7. Hiyo ni kwa msimu mmoja wa kazi yake, na misimu iko 10. Mmiliki mkuu Mark Walter ametoka kampuni ya uwekezaji ya Guggenheim. Kutunza na kuzalisha pesa za muda mrefu ndiyo kazi yao ya kila siku. Klabu ndogo kama ya Pittsburgh haina jeshi hilo.

---

HesabuYaKiwanja

Bengi, hoja ya dirisha la miaka miwili ni ya kweli na naipokea. Ile ya asilimia 7 naipokea nusu. Mfuko unaweza kuzaa 7, unaweza pia kuzaa 2 au kupata hasara, na 68 za Ohtani hazipungui. Klabu imebeba hatari, na faida ni malipo ya hatari hiyo. Mets walikuwa na imani hiyohiyo, na yaliyowapata tunayajua.

---

Julai_Mosi

Kwa kuwa Mets wametajwa, tumalizane na Bobby Bonilla, mchezaji wao wa zamani, maana watu wanamtaja kila mwaka kama mfano wa ujinga wakati hesabu yake imenyooka.

Mwaka 2000 Mets walikuwa wanadaiwa milioni 5.9 za msimu uliobaki kwenye mkataba wake. Walitaka kumwachia bila kuzilipa pale pale. Wakakubaliana: riba asilimia 8, malipo yaanze 1 Julai 2011, mara 25, hadi 2035.

Twende hatua kwa hatua. Milioni 5.9 kwa asilimia 8 kwa miaka 11: 5.9 mara 2.3316 ni milioni 13.757. Hiyo igawanywe kwa mafungu 25 yanayolingana, la kwanza likitoka siku hiyohiyo. Kigawanyo chake kwa asilimia 8 ni 11.5288. 13.757 gawanya kwa 11.5288 inatoa dola 1,193,248. Na ndivyo anavyolipwa kila 1 Julai, dola 1,193,248.20. Hakuna aliyemlaghai mwenzake kwenye karatasi hiyo.

Kilichowaponza Mets ni upande wa pili wa mizani: wamiliki walikuwa wameweka pesa kwa Bernie Madoff wakitegemea faida kubwa kuliko 8. Utapeli ulipolipuka Desemba 2008, riba ya Bonilla ilibaki na chanzo cha kuilipa kikayeyuka.

Kwa hiyo kwenye mkataba wowote wa aina hii jambo la kwanza kuuliza ni kama una riba. Bonilla alikuwa nayo, ndiyo maana 5.9 ikawa karibu 30. Ohtani hana, ndiyo maana 700 ikawa 460. Kisheria yote miwili inaitwa mshahara ulioahirishwa, lakini inaenda pande tofauti.

---

DadaWaTakwimu

Naomba tuangalie na upande wa mchezaji, maana humu mnajadili kama vile hatari yote iko kwa klabu.

Mchezaji aliyeahirisha mshahara ni mdai asiye na dhamana. Klabu ikifilisika anasimama foleni na wadai wengine. Hili limetokea, na limetokea kwa klabu hiihii mnayoizungumzia. Juni 2011 Dodgers chini ya Frank McCourt waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kwenye orodha ya wadai wasio na dhamana, wa kwanza juu kabisa alikuwa Manny Ramirez, karibu dola milioni 21, pesa alizokuwa ameahirisha. Mwaka mmoja kabla yake, 2010, Texas Rangers nao walifilisika, na aliyeongoza orodha ni Alex Rodriguez, milioni 24.9, wakati tayari alikuwa anachezea Yankees.

Kwenye hoki ni kali zaidi. Pittsburgh Penguins walipofilisika 1998 walikuwa wanamdai Mario Lemieux kinyume: wao ndio waliokuwa na deni lake la milioni 32.5. Akageuza sehemu ya deni kuwa hisa, na 1999 akawa mmiliki wa timu aliyoichezea.

Mambo mengine mawili ambayo wakala makini lazima aangalie:

Ratiba haivunjwi. Kifungu 409A cha sheria ya kodi ya Marekani kinataka tarehe za malipo zipangwe kabla ya kazi kufanyika. Mchezaji hawezi kuamka 2030 akasema ana shida, nipeni zangu mapema. Akifanya hivyo kodi yote inadaiwa papo hapo, na juu yake asilimia 20 ya adhabu pamoja na riba.

Pili, unamkopesha nani? Ohtani aliweka kipengele kwamba Mark Walter au Andrew Friedman (mkuu wa shughuli za besiboli wa Dodgers) akiondoka kwenye nafasi yake, yeye ana haki ya kuuvunja mkataba mwisho wa msimu huo. Watu walikiona kama kipengele cha urafiki. Kwangu ni kipengele cha mkopeshaji: ananuia kujua mkopaji ni nani kwa muda wote ambao deni linaendelea kukua.

---

MkunjoWaNje

Dada hapo kwa Lemieux rekebisha, Penguins hawakuwa wanamdai, ni yeye aliyekuwa anawadai.

---

DadaWaTakwimu

Ni sahihi, asante. Yeye ndiye mdai, klabu ndiyo mdaiwa.

---

Kizingiti241

Turudi kwenye kodi ya anasa, kwa sababu kuna watu wanaamini Dodgers hawalipi. Wanalipa, na wanalipa kuliko klabu yoyote katika historia. Msimu wa 2025 walitozwa dola milioni 169.4. Inavyopatikana ni hivi.

Kizingiti cha 2025 kilikuwa milioni 241. Dodgers walihesabiwa mishahara ya takriban milioni 417.3, yaani walizidi kwa 176.3. Kwa kuwa walishavuka mara tatu au zaidi mfululizo, kiwango chao cha msingi ni asilimia 50 (mara ya kwanza ni 20, ya pili 30). Juu yake kuna nyongeza kulingana na umezidi kiasi gani:

Milioni 20 za kwanza: 50%, ni 10.
Za 20 hadi 40: 50 na 12, yaani 62%, ni 12.4.
Za 40 hadi 60: 50 na 45, yaani 95%, ni 19.
Zilizobaki, 116.3: 50 na 60, yaani 110%, ni 128 kasoro kidogo.

Jumlisha: 169.4. Tena ukivuka kwa milioni 40 na zaidi, nafasi yako ya juu ya kuchagua chipukizi inasogezwa nyuma nafasi 10.

Kwa hiyo kila dola Dodgers wanayoongeza sasa hivi inawagharimu dola 2.10. Ohtani angehesabiwa kwa 70 badala ya 46, nyongeza ya karibu 24 kwa asilimia 110 ingekuwa milioni 26 zaidi za kodi kila mwaka. Hapa ndipo wengi wanapiga kelele kwamba wameokoa 26. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuwa tayari kumlipa 70 mkononi kila mwaka. Ukikataza kuahirisha, mkataba unaandikwa 46 kwa mwaka kwa miaka 10, na kodi inabaki ileile.

---

BengiLaAkiba

Hapo Kizingiti umenyoosha. Ila ongeza Alex Bregman na Red Sox, 2025: miaka 3, milioni 120, nusu yake imeahirishwa. Kwa jina ni 40 kwa mwaka, kwenye kodi ikashuka hadi karibu 32. Mkataba mfupi, pengo refu. Klabu iliyoko dola chache chini ya kizingiti inaweza kutumia milioni 8 za namna hiyo kubaki chini yake au kubaki nje ya daraja linalofuata. Faida kubwa iko pale mpakani, kwa wale wanaohesabu kila milioni. Dodgers wako juu ya mpaka kwa 176, hawana cha kukwepa.

---

Pwani_Fastibo

Kodi ya jimbo mbona hamjaigusa? Kwangu hiyo ndiyo faida pekee ambayo haipatikani kwa njia nyingine.

Sheria ya shirikisho ya 1996 inazuia jimbo kutoza kodi mapato ya kustaafu ya mtu ambaye si mkazi wake tena. Malipo yaliyoahirishwa yanaingia kwenye kinga hiyo iwapo yanalipwa kwa mafungu yanayolingana kwa miaka isiyopungua 10. Hebu mwangalieni Ohtani: 2034 hadi 2043, mafungu 10, kila fungu 68. Imepimwa kwa rula.

Kiwango cha juu cha kodi ya mapato California ni asilimia 13.3. Zidisha kwa 680 unapata zaidi ya milioni 90. Akihama California kabla ya 2034, jimbo halipati kitu kwenye hizo. Lakini ni lazima ahame kweli, makazi yake yawe kwingine, na anuani ya karatasi haitoshi. Mdhibiti wa fedha wa jimbo, Malia Cohen, alijitokeza Januari 2024 akalitaka Bunge la Marekani liweke ukomo kwenye kinga hiyo.

Sasa fikirini Texas na Florida. Huko hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Rangers, Astros, Marlins na Rays siku zote wamekuwa na mtaji huo mezani: dola yao mkononi mwa mchezaji ni kubwa kuliko dola ya Los Angeles au New York. Kuahirisha kunawapa klabu za majimbo ya kodi kubwa nafasi ya kulipunguza pengo hilo. Kwa upande huu, nathubutu kusema kunasawazisha.

---

MizaniYaLigi

Mimi nataka tujibu swali la kichwa cha uzi, maana tumezama kwenye hesabu.

Ushindani unapimwaje? Ukiangalia mabingwa kuanzia 2001 hadi 2025, klabu 16 tofauti zimechukua taji kati ya 30. Tangu Yankees wachukue mara tatu mfululizo mpaka 2000, hakuna aliyetetea ubingwa hadi Dodgers 2025. Mwaka huohuo Milwaukee Brewers, klabu ya mji mdogo, ndio walioongoza ligi nzima kwa ushindi 97, na Mets pamoja na Soto wao wakaishia 83 na kukosa hata mchujo. Pesa inanunua nafasi ya kushindana mwaka hadi mwaka, na Oktoba, mwezi wa mchujo, ina mambo yake. Ila hainipi usingizi kwamba Brewers haohao walikutana na Dodgers kwenye fainali ya National League (nusu moja ya ligi kuu, kabla ya fainali kuu) wakafungwa 4 kwa 0. Mchezo wa 4 Ohtani alirusha inningi 6 bila kuruhusu alama, akawatoa wapigaji 10, na yeye mwenyewe akapiga mipira 3 nje ya uwanja.

Chanzo cha pengo ni mapato ya mtaani kwao. Dodgers wana mkataba wa televisheni wa miaka 25 wenye thamani ya dola bilioni 8.35 ulioanza 2014, wastani wa milioni 334 kwa mwaka kabla hujauza tiketi moja. Mwaka 2025 waliingiza watazamaji zaidi ya milioni 4 uwanjani. Upande wa pili, kampuni iliyorusha michezo ya klabu nyingi ndogo, Diamond Sports, iliomba ulinzi wa mahakama Machi 2023, na klabu kadhaa zikapoteza au kupunguziwa mapato ya televisheni. Kila klabu inachangia asilimia 48 ya mapato yake ya ndani kwenye mfuko wa pamoja unaogawanywa sawa kwa 30, na bado pengo ni hilo.

Ushahidi wangu mkubwa ni huu. Farhan Zaidi, aliyekuwa akiongoza San Francisco Giants, alisema hadharani kwamba walimwekea Ohtani mezani ofa iliyofanana sana na ya Dodgers, pamoja na kuahirisha kwake. Ohtani akaenda Los Angeles. Kisha Januari 2025 Roki Sasaki, kijana kutoka Japani. Alikuwa chini ya miaka 25, kwa hiyo aliingia kwa utaratibu wa wachezaji wa kimataifa ambao una ukomo mkali wa bonasi, klabu zote zikiwa karibu sawa. Hakuna kuahirisha, hakuna kodi ya anasa. Akachagua Dodgers kwa milioni 6.5. Ohtani mwenyewe alipoingia Angels Desemba 2017 kwa utaratibu huohuo alipewa milioni 2.315. Kama ukomo mkali haukumpeleka Sasaki Pittsburgh, kukataza kuahirisha kutampeleka nani?

---

KampalaMit

Kwa walio jirani: utaratibu huo wa kimataifa anaoutaja Mizani ndio uliowachukua vijana wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, waliosajiliwa na Dodgers haohao 2022. Maskauti wao wanafika ambako wengine hawafiki. Hiyo nayo ni pesa, ila haionekani kwenye kodi yoyote.

---

BengiLaAkiba

Mizani, nakubali mapato ndiyo mzizi. Lakini usisahau kwamba kuahirisha kunaiumiza zaidi klabu ndogo inapokosea. Baltimore walimpa Chris Davis miaka 7 kwa milioni 161 mwaka 2016, 42 zikaahirishwa. Amestaafu 2021. Hizo 42 zinalipwa 3.5 kwa mwaka kuanzia 2023 hadi 2032, kisha 1.4 kwa mwaka hadi 2037. Dodgers wanabeba ahadi zilizopita dola bilioni 1 (Ohtani 680, Mookie Betts 115, Blake Snell zaidi ya 60, Freddie Freeman 57, Will Smith 50, na wengine), lakini mapato yao yanazimeza. Washington walifanya hivyo pia: Max Scherzer nusu ya milioni 210, anayolipwa 15 kwa mwaka 2022 hadi 2028, na Stephen Strasburg 80 kati ya 245. Walichukua taji 2019, na misimu iliyofuata mzigo ukabaki huku uwanjani wakianza upya.

Milwaukee walikuwa waangalifu zaidi. Christian Yelich aliahirisha milioni 28 tu, 4 kwa kila mwaka wa kucheza kuanzia 2022 hadi 2028. Fungu dogo, linalotabirika.

---

Kizingiti241

Mkataba wa hali bora unaisha 1 Desemba 2026. Safari iliyopita wamiliki waliwafungia wachezaji nje siku 99, kuanzia Desemba 2021 hadi Machi 2022, na ndani ya mazungumzo hayo ligi ilipendekeza kuahirisha kufutwe. Chama kikakataa. Sababu yao inaeleweka: ni chaguo la mchezaji, na thamani ya sasa inahesabiwa wazi.

Nionavyo, mapendekezo yanayozungumzwa yana uzito tofauti. Kufuta kabisa kunaondoa faida ya kodi ya California na dirisha la miaka miwili, basi. Kuhesabu kwa thamani ya jina kunafanya kazi ileile ya kufuta, kwa sababu hakuna atakayesaini tena bila riba. Ukomo wa asilimia, tuseme isizidi theluthi ya mkataba, ungeigusa mikataba ya Ohtani, Bregman na Scherzer; Betts hapana (115 kati ya 365 ni asilimia 31.5), Yelich hapana.

---

HesabuYaKiwanja

Nyongeza yangu kwenye hilo: kama wakitaka kugusa kitu kimoja bila vita, wagusie tarehe. Waondoe Julai ya pili, pesa itengwe mwisho wa msimu uleule uliofanyiwa kazi. Thamani ya mkataba haibadiliki kwa mchezaji, kodi ya anasa haibadiliki, na zile milioni 88 za Bengi zinatoka mkononi mwa klabu kabla ya dirisha la usajili kufunguka. Kwa hesabu ya asilimia 5, fungu la Ohtani likitengwa miaka 10 kabla ni 41.7, likitengwa miaka 8 kabla, kama ilivyo sasa, ni 46.0. Klabu ikiwahi inatenga pesa pungufu, na mchezaji anapunguza miaka ya kuwa mdai bila mfuko nyuma yake.

Hesabu ya Bregman nitaiweka kesho malipo kwa malipo, kwa sababu pengo lake halilingani kila mwaka na hatua ya 1 inahitaji jedwali.